Nilivyovaa Sanda ya Mama Mkwe

Kama umeyaokota maandishi haya kwa sababu ngozi yako inawaka moto na hakuna anayejua kwa nini, kwanza pole. Pili, sina jina la dawa. Watu hunijia nyumbani, hapa Msambweni, wakidhani nimepata marhamu fulani ninayoificha. Nikiwaambia kwamba nilichofanya ni kubadilisha nguo tu, huondoka wamekunja uso. Wewe ukitaka kukunja, kunja, lakini soma mpaka mwisho.

Naitwa Mwanamisi. Kabla sijaolewa nilikuwa tayari nafanya kazi ya vyumba katika hoteli moja kule Galu: kutandika vitanda, kusugua bafu, kukunja taulo. Miaka yote tulivaa gauni la khaki la pamba. Lilikuwa limepauka, lina viraka, lakini lilikuwa jepesi na lilinyonya jasho. Halafu akaja meneja mpya, akatutazama akaona tunafanana na wapishi wa shule. Kaskazi hiyo, jua likiwa limewaka kisawasawa, tukaletewa yunifomu mpya: blauzi ya samawati inayong'aa na suruali nyeusi, zote za poliesta. Hazikunjamani, hazipauki, ukizifua zinakauka papo hapo. Tulizishangilia. Mimi mwenyewe nilijitazama kwenye kioo cha chumba cha mgeni nikajiona nimependeza.

Mwasho ulianzia makwapani, ukashuka kiunoni pale suruali inapobana, ukaenda nyuma ya magoti. Nilidhani ni vipele vya joto. Nani huku hapati vipele vya joto wakati wa kaskazi? Nikajipaka poda. Vipele vikaungana vikawa bamba moja jekundu, bamba likatoa malengelenge, malengelenge yakapasuka na kutoa majimaji yanayonata. Yakikauka, blauzi ilikuwa imeshika. Jioni nikivua nguo, navua na ngozi. Sitaki kuyapamba haya. Nilikuwa nanuka, na nilijua kwamba nanuka, na wenzangu walijua kwamba najua.

Supavaiza wetu, dada mmoja wa kutoka bara, aliniita kwenye stoo ya mashuka. Hakunitazama usoni.

"Mwanamisi, si ati nakufukuza," aliniambia. "Lakini kuna guest ameuliza kama hiyo kitu inaambukizana. Enda tu urest kiasi. Ukipona tutakucall."

Simu hiyo sijaipata mpaka leo. Na tazama ujinga wa mtu aliyelelewa asitupe kitu: kazi iliniacha, yunifomu nikabaki nayo. Nguo ngumu namna ile, haichaniki, utaitupaje? Nikaifanya ya shambani. Nikawa napalilia mihogo juani nimejifunga ndani ya kitu kilekile kilichonitoa kazini, nikishangaa mbona sipati nafuu.

Nilizunguka vituo vya afya. Cha kwanza walisema ni upele, wakanipa dawa ya kujipaka mwili mzima, tena nyumba nzima ijipake. Tukajipaka wote, hata mama mkwe, huku akilalamika kwamba ananuka kama ng'ombe aliyeogeshwa. Cha pili walisema ni fangasi. Kwenye kile cha tatu nilikaa kwenye benchi refu lililojaa watu, na kila nilipojikuna aliyekuwa karibu nami alisogea kidogo, mpaka nikawa na upande wangu wa benchi peke yangu. Daktari akataka nipimwe damu. Hakusema ni kwa ajili ya nini, lakini sikuwa mtoto. Majibu yalitoka safi. Bahati mbaya kuna mtu wa kwetu aliyenikuta kwenye foleni ile, na kabla ya magharibi mtaa ulikuwa umeshajua nilichopimwa. Majibu hakuna aliyeyangoja.

Mume wangu, Bakari, hupeleka watalii Funzi kwa boti. Si mtu mbaya. Ni mtu anayengoja kuona wengine watafanya nini ndipo naye ajue la kufanya. Alitoa mkeka wake akaenda kulala barazani, akasema ni kwa sababu ya joto. Watoto wetu wawili wakahamia chumba cha bibi yao. Joto likaisha, masika ikaingia, mvua ikapiga mabati usiku kucha, na Bakari akaendelea kulala barazani kwa sababu ya joto.

Nyumba tunayokaa ni ya mama yake, Bi. Mejumaa. Hakuwa akinipenda sana, wala hakuwa akinificha hilo, jambo ambalo sasa ninamshukuru. Alitaka mwanawe aoe kwingine. Chumvi ikizidi nilikuwa mimi, maziwa yakiganda nilikuwa mimi. Lakini ugonjwa uliponishika alikuwa mtu pekee nyumbani aliyenigusa. Alinivua nguo, akanigeuza huku na huku, akatoa hukumu yake.

"Hiki ni kijicho," alisema. "Wenzako wa hotelini wamekuona unang'aa na manguo yale. Tutakufukiza mpaka kitoke."

Kwa wasiojua, kufukizwa ni hivi. Chungu cha majani kinachemshwa, mwarobaini na kivumbasi na mengine anayoyajua mwenyewe, kinaletwa kikitoka mvuke. Mgonjwa anavuliwa, anakalishwa kwenye kibao, chungu kinawekwa katikati ya miguu yake, kisha anafunikwa blanketi gubigubi ili mvuke usitoroke. Blanketi letu lilikuwa lile zito la maua makubwa, la manyoya laini yanayoteleza. Binti yake, wifi yangu Saumu anayekaa Ukunda, ndiye aliyemzawadia. Lilikuwa kitu cha thamani nyumbani, halitumiki ovyo. Mama mkwe alilitoa kwa ajili yangu. Kila siku baada ya sala ya alfajiri alinikalisha, akanifunika, akazunguka akibana pindo kwa mikono yake ili pasibaki upenyo.

Mle ndani sikuwa napumua. Jasho lilitiririka, manyoya yakanishika mgongoni, mwili mzima ukalia.

"Vumilia!" alikuwa akinipigia kelele kutoka nje. "Lazima kitoke!"

"Kinachotoka ni ngozi, mama!"

"Basi na itoke!"

Masika yote tulifanya hivyo. Ngozi ya mapaja ikawa nene na nyeusi, ina mistari iliyopasuka. Shingo sikuweza kuigeuza. Nilikonda, nywele zikakatika, na siku moja nilimkuta mwanangu mdogo akinichungulia mlangoni kwa woga, akanikimbia. Hilo liliniuma kuliko malengelenge.

Kusi ilipoanza kuvuma nilipata homa kali, nikawa naweweseka. Hapo ndipo Bakari alipoona watu wanamtazama yeye, akanipeleka Mombasa. Tulivuka feri, tukapanga foleni kwa daktari wa ngozi kwenye korido ndefu isiyo na dirisha. Pembeni yangu alikaa mama mmoja mwenye mtoto mchanga. Nilijisogeza ili nimpunguzie taabu ya kusogea yeye. Akanivuta mkono, akasema, "Kaa, mama, hapa panatosha," kisha akachukua bahasha ya eksirei ya mumewe akawa ananipepea shingoni. Sikumwuliza jina. Huwa namwombea dua bila jina.

Daktari alikuwa mwanamke, mtu wa maneno machache. Alinibandika vibandiko vidogo vidogo mgongoni, kila kimoja na rangi au kipande cha nguo, akaniambia nikae Mombasa kwa jamaa nisioge mgongo mpaka atakapovibandua. Alipovibandua, alinionyesha kwa simu yake picha ya mgongo wangu mwenyewe: madoa mekundu hapa, hapa na hapa.

"Mwili wako umezikataa nguo hizi," alisema. "Rangi zake na nyuzi zake. Nitakupa dawa ya kutuliza, lakini ukirudi kuzivaa utarudi hapa. Vaa pamba. Pamba tupu, na nyeupe ikiwezekana."

Nikamwuliza nitaijuaje, na kila muuza nguo anaapa.

"Vuta uzi uuchome. Ukiungua ukawa jivu, vaa. Ukiyeyuka ukawa punje ngumu, hiyo ni plastiki."

Mambo mengine aliyoyaeleza sikuyaelewa, na hata ningeyaelewa yasingenipa usingizi. Hilo moja nililishika.

Niliporudi nyumbani nilimwamkia mama mkwe, "Shikamoo, mama," akaitika, "Marahaba," nami nikapita moja kwa moja chumbani nikatoka na nguo zangu zote mikononi. Mama mkwe alikuwa jikoni anakuna nazi. Nikakaa mbele ya jiko, nikaanza kuvuta uzi mmoja mmoja na kuutia kwenye kaa. Dera la sikukuu: punje. Buibui: punje. Shumizi, sidiria, chupi: punje, punje, punje. Jikoni kukanuka kama mfuko wa nailoni unaungua. Leso nilikuwa nimeziweka mwisho, kwa imani. Leso za harusi yangu, za zamani, ziliungua vizuri zikaacha jivu jeupe. Za mwaka jana, ambazo mwenye duka aliniapia, zilijikunja zikawa punje nyeusi.

Bi. Mejumaa alikuwa ameacha kukuna nazi. "Hata leso?" aliuliza.

"Hata leso, mama."

"Leso? Hizi tunazobebea watoto?"

Aliiokota ile punje, akaibonyeza kwa kucha, ikakataa kubonyea. Akainuka. Nilimsikia akiburuta kitu chumbani kwake, akarudi amekumbatia lile blanketi la maua. Alivuta uzi kwa meno, akautia kwenye kaa mwenyewe. Ulijikunja, ukatoa moshi mweusi, ukadondoka.

Alikaa kwenye kibao cha mbuzi ya nazi, blanketi mapajani. Nilimwona akihesabu kichwani asubuhi zote zile, mikono yake ikibana pindo.

Sasa, wewe unayesoma, nenda madukani ukatafute nguo ya pamba halisi kisha uniletee habari. Nilizunguka Ukunda mpaka miguu ikavimba. Duka la kwanza kila kitu kilikuwa "pamba safi, dada, wallahi," na nilipoomba uzi mmoja wa kuchoma, mwenyewe akakasirika kana kwamba nimemtukania mama yake. La pili, la tatu, hivyo hivyo. Mwishowe mzee mmoja muuza vitambaa alinihurumia.

"Pamba tupu ninayo ya bafta," alisema. "Lakini hiyo kidogo iliyobaki imewekewa watu. Na bafta ni ya maiti, mama. Hutaki hiyo."

Nilitoka dukani nikicheka peke yangu barabarani, na hakikuwa kicheko cha furaha. Aliyekufa ana haki ya pamba. Aliye hai, anayetoka jasho, anayenyonyesha, anayelima, huyo afungwe ndani ya plastiki na aambiwe kapendeza. Nilipofika nyumbani nililieleza kama mzaha.

Mama mkwe hakucheka. Aliniambia nimfuate chumbani. Chini ya kitanda chake kulikuwa na sanduku la bati ambalo hata Bakari hakuwahi kulifungua. Alipoinua kifuniko, harufu ya karafuu maiti ilijaa chumba kizima. Ndani mlikuwa na kitambaa cheupe kilichokunjwa vizuri, kirefu, laini.

"Hiki nilitoka nacho Makka," alisema. "Nimekiosha kwa Zamzam."

Nikarudi nyuma. "Hapana, mama. Hiyo ni sanda yako."

"Najua ni nini. Nimeiweka mimi."

"Siwezi kuivaa."

"Utaivaa. Mimi nimekupika, mwanangu. Kila siku ya Mwenyezi Mungu nimekuinamisha kwenye chungu nikakufunika na lile dude, nikidhani nakutibu." Akakitoa kitambaa sandukuni. "Mimi bado natembea. Hawa watoto wangu watanunua nyingine."

Alikata mwenyewe. Nikashona magauni mawili mapana yasiyobana popote, na ushungi. Vipande viwili vikubwa vilivyobaki hatukuvikata. Nikavitumia kama mashuka. Usiku wa kwanza nilijilaza juu ya kile kitambaa nikingoja mwasho uanze, kama mtu anayengoja mwizi aliyemzoea. Haukuja. Niliamka mchana, na mama mkwe alikuwa amewafukuza watoto uwanjani wasinipigie kelele.

Sikupona kama wanavyopona watu hadithini. Vidonda vilikauka polepole, magamba yakadondoka, chini yake ikatoka ngozi ya rangi mbili, mahali pengine nyeusi, mahali pengine ya waridi. Mpaka leo nina madoa shingoni yasiyofutika. Lakini nililala, nikala, nikamnyanyua mwanangu naye akakubali. Bakari naye akarudi kitandani, akanusa karafuu maiti, akarudi barazani.

"Sitalala na sanda, Mwanamisi," alisema. "Samahani."

Safari hii angalau hakusingizia joto.

Nguo zangu za zamani pamoja na blanketi sikutaka kuzichoma. Ule moshi nilikuwa nimeshaujua. Kumpa mtu mwingine niliona ni kumpa maradhi yangu. Tukazifukia kwenye shimo kando ya mihogo.

Vuli ilipokuja, Saumu akamwoza binti yake. Harusi zetu mnazijua: wanawake wa upande wa bibi harusi huchaguliwa sare, kitambaa kimoja, na asiyevaa sare amesema mbele ya watu wote kwamba hayumo. Mwaka huo ilikuwa satini ya rangi ya damu ya mzee, nzito, inang'aa. Kipande changu kililetwa. Nikavuta uzi, na jibu nilikuwa nalijua kabla haujafika kwenye kaa.

"Ni siku moja tu," Bakari aliniambia. "Vaa, kisha uvue. Unataka dada yangu aaibike?"

"Na mimi nichubuke?"

"Siku moja, Mwanamisi."

Nilikwenda na gauni langu la bafta, nikajitanda leso yangu ya zamani ya harusi. Nilikuwa nimelifua gauni na kulifukiza udi, lakini kwenye joto la watu karafuu maiti ilijitokeza tena. Wanawake walianza kunusa, wakageuka. Ngoma haikusimama, lakini iliyumba. Saumu alinijia na satini yake, uso umeiva.

"Umekuja kumwombea mwanangu kifo? Umevaa sanda harusini kwangu?"

Ningemjibu vibaya, maana nilikuwa nimechoka. Mama mkwe ndiye aliyeniwahi. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha heshima, amevaa satini yake kwa ajili ya mjukuu.

"Sanda ni yangu," alisema kwa sauti ya kusikika. "Nimempa mimi."

Saumu alimtazama kama aliyepigwa kofi. "Umempa sanda yako ya Makka? Huyu? Sisi tutakuzika na nini?"

"Mtaninunulia nyingine. Nimewazaa wawili, hamtakosa kuninunulia kitambaa."

Tangu siku ile Saumu hakutaka kunitia machoni. Hakuniona mgonjwa. Aliniona mtu aliyeingia nyumbani kwao, akamchukua kaka yake, na sasa amemvua mama yake mpaka nguo ya kaburini. Nakiri kwamba ukiitazama kwa upande wake, hasira yake ina mlango wa kuingilia.

Masika iliyofuata tulitoka kupanda. Bakari alikuwa nyumbani kwa vile bahari haikuwa na wageni. Alipiga jembe kando ya lile shimo, likanasa kitu. Alipovuta ikatoka blauzi yangu ya samawati. Matope yalipotoka kwa maji ya mvua ilikuwa vilevile, rangi yake, mshono wake, vifungo vyake. Nyuma yake likafuata pindo la blanketi, maua yamechanua.

Mama mkwe aliinama akaikagua. "Mchwa wamenila mlango," alisema. "Wamenila kitanda, wamenila fremu ya dirisha. Hii wameiacha."

"Ni ngumu," Bakari alisema.

"Bakari, n'sikize. Mimi msinitie kwenye kitu kama hiki."

"Mama, usiseme mambo hayo."

"Nitayasema, kwani nawe wadhani sitakufa? Nimeumbwa kwa udongo, nataka kuurudia. Nataka kuoza kama watu. Umesikia?"

"Inshallah, mama."

"Sitaki inshallah ya mdomoni."

"Nimesikia," alisema Bakari.

Bi. Mejumaa alifariki kusi hiyo hiyo. Hakuugua. Aliswali adhuhuri, akajilaza, na nilipompelekea uji wa alasiri alikuwa amekwenda. Nilimfunga taya kwa mikono yangu kabla sijamwita mtu yeyote. Nililia kilio ambacho mama yangu mzazi, Mungu amrehemu, sikumlilia.

Jamaa walikubaliana azikwe asubuhi iliyofuata. Saumu alifika kutoka Ukunda mapema, macho yamevimba, na furushi jipya kwapani. Alikuwa amechagua mwenyewe. Kitambaa kilikuwa cheupe cha kumeta, kimenyooka bila kunjo hata moja, na wanawake waliokuja kuosha walikipapasa wakasema mashallah, kizuri. Mimi nilipokishika nilijua. Vidole vyangu vilijua kabla yangu. Niliuvuta uzi mmoja pembeni, nikaenda nao jikoni kwenye kaa la kuchemshia maji ya kuoshea. Ulijikunja.

Nilirudi na ile punje kiganjani, nikamwita Saumu pembeni ili nisimwaibishe.

"Wifi, kitambaa hiki si pamba."

"Ni bafta. Nimekinunua kwenye duka la sanda."

"Wamekudanganya kama wanavyotudanganya sote. Tazama. Wifi, mama alikataa kuzikwa na hii. Alimwambia Bakari, mimi nikisikia."

"Na ile aliyoitaka iko wapi?" aliniuliza. "Si umeivaa?"

Niliingia chumbani nikatoka na yale mashuka mawili. Nilikuwa nimeyafua jioni ya msiba, yamekauka kwa upepo, nimeyapiga pasi. Ndiyo niliyokuwa nikilalia. Mengine sikuwa nayo. "Haya hayakukatwa," nilimwambia. "Yanatosha kumsitiri mwili mzima. Ndiyo yake, yametoka naye Makka. Yachukue."

Saumu alitazama mashuka, kisha akatazama shingo yangu yenye madoa.

"Nimvishe mama yangu shuka uliloliachia usaha?"

Nilitoka nje kwa wanaume, jambo lisilo la kawaida, nikamwita Bakari. Nikamwonyesha punje, nikamkumbusha jembe na blauzi na alichoahidi. Alinisikiliza, akageuka kumtazama ustadhi aliyekuja kumsalia marehemu. Ustadhi aliuliza kuna nini, akaelezwa, akasema kwa upole kwamba kitambaa hicho kinajuzu, kimesitiri, ni cheupe na ni safi, na kwamba si vyema kumchelewesha maiti. Sina ugomvi naye. Kwa sheria alisema kweli. Hakuwapo siku ile shambani.

"Bakari," nilisema. "Wewe ulikuwapo."

Bakari alingoja kuona wengine watafanya nini. Wengine walikuwa wamesimama kwenda kuchukua jeneza msikitini.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Yule mama aliyenigusa wakati watu wanahama benchi, aliyenipika kwa kutojua na kunivika kwa kujua, alikuwa na ombi moja tu duniani, na watoto aliowazaa hawakumtimizia kwa sababu mkono uliolileta jibu ulikuwa na madoa. Bakari sasa halali barazani. Amerudi ndani, ananunua samaki mzuri, ananiita kwa jina langu kwa sauti ya chini. Nampikia. Simwambii lolote, naye hajaniuliza.

Kama ngozi yako inawaka, fanya nililofanya: vuta uzi, uuchome, uamini moto kuliko mwenye duka. Usiivae nguo ili kumridhisha wifi wala mume wala meneja. Watakuambia unajidai, watakuambia umekuwa mtu wa sanda. Waache waseme.

Mimi magauni yangu ninayo bado. Karafuu maiti imeshatoka yote. Bafta imekuwa nyembamba kwenye viwiko, na mashuka yamepata vitundu. Kila ninapofua yanapungua kidogo, kama inavyopasa kitu cha pamba. Mama mkwe yuko kule makaburini ndani ya nguo ambayo mchwa hawataila, na mimi huku juu, siku baada ya siku, namchakazia sanda yake.